Uzamili wa Sayansi ya Mazao: Anza na Kalenda ya Mvua

Ukiwa Mombasa na umeazimia kusoma uzamili wa sayansi ya mazao, tazama kalenda ya mvua kabla hata ya kuuliza ada. Kwetu Pwani masika hushika Aprili na Mei, vuli huja kati ya Oktoba na Desemba. Pendekezo la utafiti likipitishwa Juni, masika yamekwisha, na mmea hausubiri kamati. Muhogo hukaa shambani miezi 9 hadi 12, na huenda msimamizi akataka jaribio lirudiwe msimu wa pili. Hapo ndipo kozi ya miaka 2 inapofika 3. Mnazi mrefu ndio usiseme: huchukua miaka 6 hivi kuanza kuzaa, basi tafiti miche au minazi iliyokwisha komaa.

Mada itafute shambani. Mwombe mkulima wa Kilifi au Kwale, umlipe, ung'oe muhogo mmoja na kuupasua. Majani huenda yakaonekana mazima, lakini ndani ukakuta madoa makavu ya kahawia. Huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, unaoenezwa na inzi weupe na pingili zenye virusi. Mkulima amelima mwaka mzima na hana cha kuuza wala kula. Swali linalozaliwa pale lina uzito kuliko mada uliyopewa ofisini.

Msimamizi mwandikie kabla ya kujaza fomu, ukiwa umesoma kazi zake. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, mwendo wa kilomita 60 hivi. Njoro (Chuo Kikuu cha Egerton) na Kabete (kampasi ya kilimo ya Chuo Kikuu cha Nairobi) ni nyanda za juu, kwa hivyo ukisomea huko na shamba liko huku, nauli iingize kwenye bajeti. Bisha hodi pia kituo cha Mtwapa cha KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, wanaotafiti mazao ya Pwani.

Weka akiba ya kupima udongo, vibarua wa palizi na ua wa kuzuia mbuzi. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, kiombe mapema. Takwimu nazo jifunze kabla ya kupanda: idadi ya marudio na mpangilio wa vitalu huamuliwa jembe halijagusa ardhi, na programu ya takwimu iitwayo R haiwezi kuokoa jaribio lililopangwa vibaya.

Pingili safi ziagize msimu mmoja kabla, maana nazo lazima zizalishwe kwanza.