Karadaiyan Nombu: jinsi ya kupika adai na kuvaa uzi wa manjano kabla saa haijapita

Kama umeolewa kwa Watamil, watu wa kusini mwa India, au unasoma Chennai huko kwao na maami wa ghorofa ya juu amekwambia "keshokutwa nombu, uje", basi hii ni yako. Nombu ni mfungo wa wanawake, na adai ni vile vimkate vya unga wa mchele vya kupika kwa mvuke ambavyo ndo chakula chake. Maami ndo wanavyoitwa mama watu wazima kule kwa Waiyer na Waiyengar, na hao Wabrahmin wa Kitamil ndo hasa wenye shughuli hii. Usiichanganye na ile ya Wagujarati, ambao ndo Wahindi wengi tuliozoea kuwaona Mombasa na Dar, wao wana Vat Savitri yao ya kuzungushia uzi kwenye mti mkubwa, mwezi mwingine kabisa. Kisa ni kimoja, cha Savitri, nitakihadithia huko chini, ila hii ya Kitamil inafanyika ndani, jikoni na mbele ya picha za miungu, na mwanaume mara nyingi hana kazi zaidi ya kukaa pembeni asubiri chakula.

Dua yenyewe ni ya mume aishi maisha marefu. Wanawali nao wanavaa uzi, wao wanaombea wapate mume mzuri, hata kitoto cha kike cha miaka miwili kinafungiwa.

Jambo la kwanza ni saa, yaani ukikosea sukari watu watakula tu lakini ukikosea saa hakuna nombu. Inafanyika pale mwezi wa Kitamil wa Maasi unapoisha na Panguni kuanza, jua linapoingia burji ya samaki, na kwa kalenda yetu ni tarehe 14 au 15 Machi. Uzi unatakiwa uwe shingoni Maasi haijaisha, kuna msemo wao kwamba uzi wa Maasi huota ukoga, maana yake utakaa shingoni muda mrefu mpaka ukongwe, na ndoa hivyo hivyo. Sasa hiyo dakika ya kubadilika mwezi inasogea mbele kama masaa 6 kila mwaka, kwa hiyo mwaka huu inaweza kuwa alfajiri, mwakani mchana, unaofuata jioni, na ule mwingine saa nane za usiku watu wote wamelala na wewe uko jikoni unapuliza mvuke. Usikisie, na usitumie saa ya mwaka jana. Angalia panchangam, ile kalenda yao ya falaki, ipo ya karatasi na ipo kwenye simu, au muulize maami yeyote, wiki nzima kabla hawaongei kingine. Ukiwa Nairobi au Dar na umetumiwa saa kutoka Chennai toa masaa mawili na nusu, maana jua haliingii burji mara mbili.

Mpaka dakika hiyo unakuwa umefunga. Sio kama Ramadhani, maji unakunywa, na nyumba nyingi wanaruhusu ndizi au tunda dogo, ila maziwa na mtindi wengi siku hiyo hawagusi. Ikitokea saa yenyewe ni usiku wa manane hakuna atakaekulazimisha ukae na njaa toka asubuhi, kila nyumba ina utaratibu wake, uliza ya kwako inafanyaje alafu ufuate, usianze kubishana na mama mkwe kwa kitu ulichosoma kwenye simu.

Haya, jikoni. Vitu vyote unavijua, mchele, kunde, nazi, sukari guru, hiliki, tambuu, popoo, manjano, jani la mgomba, mtu wa pwani hapa hana kigeni cha kuogopa.

Anza na unga. Loweka mchele wa kawaida (sio wa biriani) kama saa moja na nusu, chuja, tandaza kwenye kanga safi ndani kivulini, usianike juani. Ukiushika na bado una unyevunyevu kidogo hapo ndo wakati wa kusaga, ukikauka kabisa adai inakuwa ngumu. Saga kwenye blenda, chekecha, alafu ukaange unga mkavu kwenye sufuria nzito, moto mdogo, bila mafuta, unakoroga bila kuacha mpaka ubadilike rangi uwe kahawia hafifu na jikoni kunukie. Hapa ndo wengi wanakimbilia unga wa dukani na kuutia mbichi hivyo hivyo, matokeo yake adai nyeupe inayonata kwenye meno. Wa dukani sawa tu, ila uukaange.

Kunde chukua zile ndogo nyekundu, nazo zikaange kidogo kavu, loweka, chemsha ziive lakini zisipasuke. Kikombe kimoja cha unga kinataka kama vijiko viwili vitatu vya kunde, usijaze, hii sio maharage. Nazi iwe iliyokomaa na usiikune, ikatekate vipande vidogo vidogo kama punje za mahindi, ile kutafuna kipande cha nazi katikati ya adai laini ndo utamu wenyewe.

Ya tamu: vikombe viwili vya maji, kikombe kimoja cha sukari guru iliyopondwa, chemsha mpaka iyeyuke, chuja maana sukari guru haikosi mchanga na vijiti, rudisha jikoni. Ikichemka tia nazi, kunde, hiliki ya kutwanga. Punguza moto, anza kumimina kikombe kimoja cha unga kidogo kidogo huku mkono mwingine unakoroga, kama unavyosonga ugali, na kama ugali usiruhusu mabuje. Ndani ya dakika chache itajikusanya bonge moja linaloacha sufuria. Tia kijiko cha samli, funika, acha ipoe kiasi cha kushikika.

Ya chumvi: mafuta kidogo, haradali zipasuke, dengu za urad kidogo, pilipili mbichi na tangawizi iliyokatwa ndogondogo, majani ya karipata, mvuje kidogo sana, kunde, nazi, maji vikombe viwili, chumvi, ikichemka unga kikombe kimoja, songa vile vile. Mi hii ya chumvi ndo naipenda, ila ukisema hivyo mbele ya watu watakuangalia vibaya, yenye heshima ni ya tamu.

Na hapa kuna sharti moja gumu: huonji. Chumvi, sukari, hakuna kuonja mpaka Amman, yaani mungu mama Kamakshi, apewe kwanza, kwa hiyo pima kwa macho na kwa kikombe, na kama mkono wako haujazoea fanya jaribio nyumbani siku za kabla, sio siku yenyewe.

Kuzitengeneza: paka mkono samli au maji, chukua donge kubwa kuliko limau, libonyeze liwe duara bapa nene kama kidole, toboa tundu katikati kwa kidole. Lile tundu linasaidia katikati paive sawa na pembeni. Panga juu ya kipande cha jani la mgomba kwenye sufuria ya idli au sufuria yoyote ya mvuke, dakika 10 mpaka 15. Zikiiva zinang'aa juu na kijiti kinatoka kikavu. Hesabu zako: kila mwanamke anataka ya tamu moja na ya chumvi moja kwenye jani lake, alafu weka za wanaume na watoto, alafu tenga mbili tatu za ng'ombe. Ndio, ng'ombe ana fungu lake, anapelekewa baadae au asubuhi yake.

Siagi. Dua nzima imesimama juu ya siagi na adai, kwa hiyo usiifanyie mzaha. Inatakiwa siagi nyeupe iliyosukwa kutoka kwenye mtindi, isiyo na chumvi, ukikosa basi siagi halisi ya dukani isiyo na chumvi, lakini ile ya kopo ya kupaka mkate ni mafuta ya mimea, acha huko huko. Na Machi ya Chennai ina joto, siagi uiache kwenye friji mpaka dakika za mwisho, maana maneno ya dua yanasema siagi isiyoyeyuka na wewe unataka kuleta kibakuli cha mafuta.

Nusu saa kabla uwe umeshaoga, umevaa sari nzuri (ile ya yadi 9 wanavaa wenye kuijua, sio lazima), sakafu imefagiliwa na kuchorwa kolam, ile michoro ya unga wa mchele, mbele ya picha za miungu. Washa taa ya mafuta. Tandaza majani ya mgomba, ile ncha ya jani, kila mwanamke na lake, na nyumba niliyofundishwa mimi wanaongeza moja la Kamakshi Amman mwenyewe, na ncha ya jani ielekee mkono wa kushoto wa mkaaji. Kwenye kila jani: adai mbili, bonge la siagi, ndizi, tambuu na popoo, kipande cha manjano, ua. Na uzi. Uzi ni wa pamba uliopakwa manjano, katikati unafungiwa kipande kidogo cha manjano kavu au ua, Chennai unauzwa barabarani kila kona wiki hiyo, ukiwa mbali sokota uzi mweupe wa pamba, upake manjano yaliyokorogwa na maji, uanike.

Wakati mnasubiri saa ifike ndo mzee anapohadithia, na hata wenye kuijua wanakaa kusikiliza. Savitri binti wa mfalme Ashvapati alimchagua Satyavan, kijana wa msituni, baba yake mfalme kipofu aliyenyang'anywa ufalme. Mtawa Narada akamwonya kwamba huyu kabakiza mwaka mmoja tu. Savitri akasema mtu anachagua mara moja. Siku ilipofika Satyavan anakata kuni, kichwa kikamuuma, akalala mapajani kwa mkewe, Yama mungu wa mauti akaja na kamba yake akaitoa roho, kadogo kama kidole gumba, akaondoka nayo. Savitri akamfuata nyuma. Yama anamwambia rudi, yeye anaongea tu, na maneno yake mazuri mpaka Yama akawa anampa zawadi, omba chochote isipokuwa uhai wa mumeo. Akaomba macho ya baba mkwe, akaomba ufalme wao urudi, akaombea baba yake watoto 100 wa kiume, alafu akajiombea na yeye watoto 100 kwa Satyavan. Yama akakubali. Sasa watoto watapatikanaje na baba yao umembeba kwenye kamba? Akamrudisha. Kisa kipo kwenye Mahabharata, ule utenzi mkubwa wa Kihindi, ila hiki cha kwamba Savitri alimshukuru mungu kwa adai za mchele na kunde maana huko msituni hakuwa na kingine, hicho wamama wa Kitamil wanakihadithia wenyewe.

Saa ikikaribia, kila mtu akae mbele ya jani lake. Mnanyunyiza maji kidogo kuzunguka jani, mnamtolea Amman, na kila mmoja anasema ile dua ya Kitamil, maana yake kwa kifupi: siagi isiyoyeyuka na adai moja nimekutolea, mume wangu asitengane na mimi hata siku moja. Alafu mkubwa wa nyumba anaanza kuvaa uzi, au anawafungia wadogo shingoni mmoja mmoja, kuna nyumba mume ndo anamfungia mkewe. Wanaojua Kisanskriti wanasoma maneno yake, kwamba nauchukua uzi huu wenye manjano nauvaa ili mume wangu apate umri mrefu, uwe radhi nami daima. Mafundo matatu yanatosha. Pakaneni kumkum, ule unga mwekundu wa kwenye paji la uso, sujudieni wakubwa, wao watawaombea mfe mkiwa bado wake za watu.

Na hiyo dua ndo inayonikwaza mimi. Kwa desturi mjane hakai kwenye jani. Atapika, ataelekeza kila kitu, pengine yeye ndo anayejua saa na maneno kuliko wote, alafu ukifika muda wa uzi anasogea pembeni. Kuna nyumba siku hizi wameacha hilo, bibi anakaa na anavaa kama wengine, Amman hajalalamika. Ukiwa mgeni huwezi kuamua kwa watu, ila sahani yake ya kwanza unaweza kuhakikisha unampelekea wewe.

Baada ya uzi unafungulia hapo hapo kwa adai ya kwenye jani lako, na siagi juu, ya moto moto. Nyumba tuliyokuwepo sisi hiyo ya kwenye jani hugawi, unakula mwenyewe hata kama umeshiba, mume anapata za kwenye sufuria. Za kulala zinakuwa ngumu kama kandambili, zirudishe kwenye mvuke dakika tano, usizikaange.

Uzi wengi wanakaa nao mpaka ukatike wenyewe au mwaka mwingine ufike, hata ukifubaa usiukate kwa mkasi, na ukiuvua usiutupe kwenye pipa la taka, ufunge kwenye mti au mmea wa maua hapo nje. Manjano yatapaka kola za nguo zako wiki nzima ya kwanza, kwa hiyo blauzi nyeupe zipumzishe.