Ukiwa mgeni kanisani Nairobi: cha kufanya Komunyo ikifika

Harusi za Jumamosi na ibada za wafu hukusanya ukoo mzima chini ya paa moja, na ukoo wa Nairobi siku hizi una Mkatoliki, Msabato, Mpresibiteri na mlokole. Komunyo, yaani mkate na divai ya Meza ya Bwana, ikifika, mstari huanza kusonga na mgeni hana hata dakika ya kufikiri. Afadhali uamue kabla hujatoka nyumbani, kwa kujiuliza swali moja: watu wa kanisa hili wanaamini mkate huu ni nini? Wanavyoushika, wanavyoupokea na wanavyoshughulikia mabaki, yote hufuata jibu lao.

Kwa Wakatoliki jibu ni zito. Baada ya kuwekwa wakfu, mkate na divai hubaki na sura na ladha yake, lakini kilichopo ni Kristo mwenyewe, mzima, katika kila kipande. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, ulilithibitisha fundisho hilo mwaka 1551. Ndiyo maana aliyepokea hostia, yaani kipande chembamba cha mkate huo, bila kikombe hajapungukiwa na kitu, na hostia zinazobaki huwekwa ndani ya tabernakulo, kisanduku kitakatifu cha kanisani, taa ikiwaka karibu nayo.

Kama wewe ni Mkatoliki, acha kula na kunywa kwa saa moja kabla ya kupokea, isipokuwa maji na dawa, na ungama kwanza ukiwa na dhambi ya mauti. Ukipokea mkononi, weka kiganja cha kushoto juu ya cha kulia. Mhudumu akisema "Mwili wa Kristo," itikia "Amina", chukua hostia kwa mkono wa kulia na uile ukiwa bado mbele yake. Wageni hukosea hapo: hurudi na hostia hadi kwenye benchi, au huitia kwenye mkoba. Ukifanya hivyo utafuatwa, na usikasirike, kwa sababu kwao aliyebebwa ni Kristo.

Kama si Mkatoliki, usipokee. Ile "Amina" ni kukiri kwamba unaamini hayo yote na uko katika ushirika kamili na Kanisa hilo. Ukiitamka bila kuamini, umesema uongo mahali patakatifu. Baki kwenye benchi na uwapishe wengine. Katika parokia nyingi unaweza kwenda mbele ukiwa umekunja mikono kifuani, ukapewa baraka tu. Ukikaa hakuna atakayekushangaa, hata awe mama mkwe.

Waorthodoksi, walio na seminari yao Riruta, hutumia mkate uliotiwa chachu. Mkate huo hutiwa ndani ya kikombe cha divai, na padri huwalisha waumini kwa kijiko, hata watoto wachanga. Ni wao kwa wao tu, na watu wazima huwa wamefunga tangu usiku. Lakini mwisho wa liturujia hugawiwa vipande vya mkate uliobarikiwa, uitwao antidoro. Huo si Komunyo, na kwa kawaida mgeni anaweza kuupokea bila wasiwasi.

Waprotestanti waligawanyika mapema. Mwaka 1529, mjini Marburg, wanamatengenezo Luther na Zwingli walikubaliana karibu katika kila jambo isipokuwa hili. Luther aliandika kwa chaki mezani maneno "huu ni mwili wangu" na akakataa kusogea. Kwake mwili na damu vimo kweli pamoja na mkate na divai, ambavyo havigeuki. Zwingli alishikilia kwamba ni ishara na ukumbusho. Baadaye Calvin, mwanamatengenezo mwingine, alifundisha kwamba Kristo yuko mbinguni, lakini Roho Mtakatifu humlisha muumini kweli kwa imani.

Pande hizo zote zipo Nairobi. Ukienda kanisa kuu la Kilutheri la Uhuru Highway, zungumza na mchungaji kabla ya ibada, si wakati watu wanatoka kwenda mbele. Kwa PCEA, yaani Wapresibiteri, warithi wa Calvin, muulize mzee wa kanisa. Waanglikana husema katika kanuni yao ya 28 kwamba mwili wa Kristo huliwa kwa namna ya kiroho. Uliza kama wanapokea waliobatizwa wote au waliopata kipaimara tu. Wabaptisti na Wapentekoste wengi husimama upande wa ukumbusho na hukaribisha kila aliyeokoka. Vikombe vidogo vya juisi vikipitishwa, usinywe papo hapo. Subiri mchungaji aongoze, mnywe pamoja.

Kwa Wasabato jiandae zaidi. Kwanza mnatawadhana miguu, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, kwa hiyo vaa viatu vinavyovulika upesi na uache nyumbani soksi ndefu za kubana. Kisha huja mkate usio na chachu na juisi ya zabibu isiyochacha. Mkristo wa kanisa lingine anakaribishwa.

Jeshi la Wokovu liliacha Komunyo mwaka 1883, na Marafiki, yaani Makweka, kwa desturi yao hawana mkate wala kikombe. Usidhani wamesahau.

Aliyeacha pombe awe mwangalifu: divai ya Wakatoliki, Waorthodoksi na Waanglikana wengi ni divai halisi. Mkatoliki apokee hostia peke yake. Kwingineko muulize mchungaji mapema kama unaweza kupokea mkate tu, au kama kuna juisi iliyotengwa.