Kumlea mtoto wa Mombasa aipende Kenya, na Mungu abaki Mungu

Mimi ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, na Jumapili nafundisha watoto kanisani kwetu Kisauni, wangu wakiwemo. Namwandikia mzazi Mkristo anayetaka mwanawe aipende Kenya lakini hajui aanzie wapi. Shuleni mtoto anafundishwa rangi za bendera na tarehe za sikukuu. Nyumbani, taarifa ya habari ikianza, anachosikia ni lawama. Katikati hapo pana nafasi kubwa, na ni yetu sisi kuijaza.

Anza na wimbo wa taifa. Mtoto anauimba bendera ikipandishwa na anaujua kwa moyo, ila huenda hakuna aliyemwambia kwamba ile ni sala. Mketishe jioni aukariri polepole, bila kuimba. Muulize: anayeitwa hapo mwanzo ni nani? Anaombwa nini? Atataja baraka, haki, undugu, amani, uhuru. Kisha mwambie sauti yake ilikotoka: ni wimbo wa Wapokomo wa Tana River wa kubembelezea mtoto, uliochukuliwa mwaka 1963 nchi ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru. Mtoto wa Pwani akishajua kwamba sauti ile ni ya mama wa Pwani akimlaza mwanawe, husimama wima bila kukemewa. Halafu mfundishe ubeti wa pili na wa tatu. Wengi wetu, hata wakubwa, tunaishia wa kwanza, na kazi yenyewe imo katika hizo mbili: kujitoa, kujenga, kuungana mikono, kushukuru kila siku.

Papo hapo, kabla mtoto hajazoea vingine, mfundishe kwamba nchi si Mungu. Mimi hutumia Danieli. Alitekwa, akapelekwa ugenini, akafanya kazi ya serikali ya watu waliomteka, na akaifanya vizuri hadi maadui waliotafuta kosa katika kazi yake wakalikosa. Lakini alipokatazwa kuomba, aliomba, madirisha wazi. Waulize watoto: Danieli alimtakia mfalme mema au mabaya? Wengi watasema mabaya. Wafungulie Danieli 6 wasome wenyewe maneno aliyomwambia mfalme akiwa bado tunduni na simba: "Ee mfalme, uishi milele." Alimkatalia mfalme, na bado alimtakia uzima. Mtoto akilishika hilo umemaliza nusu ya kazi. Aya ya kukariri iwe Yeremia 29:7, inayoanza, "Kautakieni amani mji ule", nayo waliandikiwa watu waliokuwa na kila sababu ya kuuchukia mji huo.

Baada ya hapo toka naye nje. Mtoto hapendi nchi ya kwenye ramani. Anapenda mahali alipokanyaga.

Safari ya kwanza iwe Kengeleni. Kwetu Kisauni ni matatu moja tu, na wanaotoka kisiwani huvuka daraja la Nyali. Ile kengele iliyosimama kando ya barabara watoto huipita kila siku wakienda shule wasijue ni ya nini. Hapo palikuwa Frere Town, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 na wamisionari wa CMS, shirika la misheni la Kanisa la Uingereza, kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani, wengi wao kutoka kwenye majahazi yaliyokamatwa baharini. Simameni chini yake, umweleze mtoto kwamba waliokuja hapa walitoka makabila mengi, hawakuwa na lugha moja, hawakujua wazazi wao walikobaki, na wakaanza upya pamoja. Kanisa la Emmanuel liko karibu. Ingieni, kaeni kidogo, ombeni.

Ukiweza, siku nyingine nendeni Rabai. Chukueni maji ya kutosha. Kule kuna jumba la makumbusho la kanisa la kwanza. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Miaka miwili baadaye, yeye na Johannes Rebmann wakaanzisha misheni Rabai. Lakini usiishie kwa Wazungu hao wawili. Mweleze mtoto habari za William Jones, Mwafrika aliyeuzwa utumwani akiwa mdogo, akasomeshwa India, akarudi Pwani kuhudumu Rabai wakati watumwa waliotoroka mashambani walipokuwa wakikimbilia kule kujificha. Watoto wangu humkumbuka Jones kuliko Krapf, nami naona ni sawa kabisa.

Hapa lazima useme ukweli wote. Ukisimulia utumwa kana kwamba ulikuwa kazi ya Waarabu peke yao, mtoto atarudi nyumbani amtazame jirani yake Mwislamu kwa jicho baya, na utakuwa umempandia chuki kwa jina la historia. Mwambie kwamba watu wa bara waliuza watu wa bara, kwamba Wazungu walinunua na kuuza kwa karne nyingi, na kwamba dhambi hiyo haina dini wala rangi. Kisha mpeleke Ngome ya Yesu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, watu waliokuja na msalaba kwenye matanga ya merikebu zao. Mtoto akiuliza kwa nini ngome ya mizinga ilipewa jina la Yesu, usibadilishe mazungumzo. Mjibu kwamba watu wanaweza kulitumia Jina hilo kufanya jambo ambalo Mwenyewe hakuliagiza, na kwamba Mkristo haruhusiwi kulificha hilo.

Mekatilili wa Menza naye humpa kila mtoto wa Mombasa swali zuri. Mwaka 1913 aliwaongoza Wagiriama kukataa kazi ya kulazimishwa na kodi za Waingereza. Wakamkamata, wakampeleka mbali magharibi mwa nchi, akatoroka akarudi kwao. Alifunga watu kiapo cha jadi kayani, yaani kwenye msitu mtakatifu wa Wagiriama, na wazazi wengine Wakristo humruka kwa sababu hiyo. Mimi simruki. Nasema wazi kwamba kiapo kile si njia yetu, na kwamba ujasiri wake wa kuwatetea watu wake ni wa kuheshimiwa. Mtoto anaweza kubeba mambo yote mawili.

Sasa turudi nyumbani, maana nyumba ndiyo inayofundisha zaidi. Sikiliza maneno yako mwenyewe juu ya makabila. Majina ya kubeza "wabara" au "wapwani" yasitamkwe mezani, hata kwa mzaha, hata mgeni akiwa ndiye mjomba. Mweleze kijana aliyekwisha kukua yaliyotokea Likoni Agosti 1997, watu wa bara waliposhambuliwa na wengi wakakimbilia kanisa Katoliki la pale, wakalala uwanjani na watoto wao. Maneno ya mezani ndiyo yanayomtayarisha mtu kwa siku kama ile.

Na mpe mtoto sahani. Ukipika pilau Krismasi, yeye ndiye apeleke kwa jirani Mwislamu, abishe hodi, asalimie vizuri, asubiri hadi aambiwe aende. Idd sahani itarudi na mahamri au biriani. Wakati wa Ramadhani mfundishe asile muhogo wa kukaanga barazani mbele ya wenzake waliofunga. Imani yake haipungui chochote. Kenya ya mtoto wa miaka minane ni hao watu wa ploti yake, na amri ya kumpenda jirani haikuongezwa sharti la dhehebu.

Kuhusu kazi na pesa nitasema kwa kirefu kidogo, maana ndiko niliko. Bandarini naona ushuru ukilipwa na naona ukikwepwa. Naona mtu akiombwa "chai" ili karatasi yake isogee. Watoto wanajua neno hilo kabla hawajafika darasa la tano. Kwa hiyo soma nao Luka 3, pale watoza ushuru walipomwendea Yohana Mbatizaji wakamuuliza wafanye nini. Hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia, "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa." Watoto hushangaa kwamba ubatizo ulikuja na agizo la ofisini. Kisha wahesabie: kontena moja likipita bila ushuru, ni dawa gani haikufika zahanati, ni dawati gani halikununuliwa. Halafu waone wewe mwenyewe ukikataa. Afisa akisimamisha gari mkiwa pamoja na makosa yakawa yako, chukua faini halali mbele yao, hata kama siku yote itaharibika. Kwa mtoto, anza na madogo: makanga akikosea akamrudishia chenji zaidi, airudishe. Maganda yatupwe penye jaa, si dirishani. Kanisa au shule ikienda kupanda mikoko ufuoni, naye aende, achafuke matope.

Maombi yawe ya kutaja. "Mungu bariki Kenya" peke yake haimgusi mtoto. Paulo katika 1 Timotheo 2 anaagiza kuwaombea wafalme na wote wenye mamlaka, basi mwombeeni rais, gavana, mwakilishi wa wadi, na pia muuguzi wa zahanati yenu, nahodha wa feri ya Likoni, polisi anayelinda usiku. Kiongozi unayemlaumu sana ndiye umwombee kwanza, tena kwa sauti, mbele ya watoto.

Swali gumu litakuja, na hulikwepi. Juni 2024 vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha na wengine wakauawa, nyumba nyingi ziliulizwa: tunaipendaje nchi inayoua watoto wake? Usimfunge mtoto mdomo kwa Warumi 13, inayoagiza kutii mamlaka. Msomee hiyo, halafu msomee Nathani akimkabili Daudi, Nehemia akiwakaripia wakuu waliowanyonya ndugu zao, na Yesu akiulilia Yerusalemu katika Luka 19. Mlieni pamoja waliokufa. Mwonyeshe kwamba nabii aliyekemea aliipenda nchi kuliko mtumishi aliyenyamaza ikuluni. Na umwambie mipaka: hatuchomi, hatuibi, hatumwiti mtu yeyote mnyama.

Siku za taifa usiziachie televisheni. Tarehe 1 Juni, Siku ya Madaraka, someni pamoja dibaji ya Katiba ya 2010, inayomtambua Mwenyezi Mungu. Tarehe 20 Oktoba, Siku ya Mashujaa, kila mtoto amtafute shujaa mmoja mtaani, mtu anayemjua: mkunga, mzoa taka, mama anayelea yatima. Amwendee amuulize kazi yake alianzaje, aandike ukurasa mmoja, ausome mbele ya familia baada ya chakula cha jioni. Akiweza, amwalike shujaa huyo awepo wakati unasomwa.