Pete ya dhahabu ya kuvaa kila siku: kuichagua, kuipima na kuitunza

Kabla ya kumuuliza sonara bei, angalia mikono yako inafanya kazi gani. Mchuma chai wa Mufindi, mama ntilie anayekanda unga alfajiri, fundi wa pikipiki Mwanjelwa na karani wa ofisini hawahitaji pete ya aina moja, hata kama wote wanataka dhahabu. Pete ya sherehe inaweza kuwa laini na nyembamba. Ya kila siku inagongwa na sufuria, inasuguliwa na mpini wa jembe na kulowa sabuni mara kumi kutwa.

Anza na karati, yaani kipimo cha usafi wa dhahabu. Dhahabu tupu ni karati 24, na hiyo ni laini mno kwa pete. Karati 22 ina dhahabu sehemu 916 kwa 1000, karati 21 ina 875, karati 18 ina 750, karati 14 ina 585 na karati 9 ina 375. Kinachobaki ni fedha, shaba, na pengine zinki, vinavyoongezwa ili kuipa ugumu. Wengi hupenda 22 au 21 kwa ule unjano wake mzito, na si kosa, ila pete nyembamba ya 22 kwa mtu anayelima itakuwa na umbo la yai kabla mwaka haujaisha. Karati 9 ni ngumu na nafuu, lakini shaba na fedha iliyomo hubadilika rangi kwa jasho na kuacha weusi kidoleni. Kwa mikono inayofanya kazi, chukua 18. Ukishikilia 22, basi iwe ya mviringo mtupu isiyo na jiwe, unene usiopungua milimita 2.

Usiikadirie karati kwa rangi. Shaba ikizidi, dhahabu huwa nyekundu, fedha ikizidi hupauka, karati ikiwa ileile. Dhahabu nyeupe nayo mara nyingi hupakwa rodiamu juu, metali nyeupe inayong'aa, na mpako huo huisha kwa kuvaliwa na kuhitaji kurudiwa. Kama hereni za bei ndogo hukuwasha masikio, muulize sonara kama hiyo nyeupe imechanganywa na nikeli.

Unene ndio watu wanaousahau. Wanatazama upana, kwa kuwa ndio unaoonekana, huku pete ikiwa nyembamba kama kifuniko cha soda. Kwa karati 18 taka milimita 1.5 au zaidi. Pete yenye kipenyo cha ndani cha milimita 18, upana wa 4 na unene wa 1.5, iliyovimba kidogo kwa juu, huwa na uzito wa gramu 4.5 hadi 5.5. Ukipewa yenye sura hiyohiyo na mizani ikasoma gramu 2, ama ni nyembamba ama ina uwazi ndani. Yenye uwazi ikibonyea haina dawa: hainyooshwi, na ikitoboka hujaa maji ya sabuni na uchafu. Pitisha pia kidole kwenye kingo za ndani. Ziwe zimelainishwa, la sivyo zitakuchuna utakapokunja ngumi.

Jiwe ni mjadala mwingine. Tanzanaiti tunaipenda kwa kuwa ni ya kwetu, lakini ugumu wake, kwenye kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10, ni kati ya 6 na 7, wakati mchanga uliomo kwenye vumbi la kawaida unafika 7. Maana yake ukiifuta kavu kavu unaikwaruza, na ikigongwa vibaya hupasuka. Iweke kwenye hereni au kidani. Kwa pete ya kila siku rubi, yakuti na almasi huhimili, na zinakaa salama zaidi zikizungushiwa ukingo wa dhahabu kuliko kushikwa na kucha nne zilizosimama.

Kuhusu saizi, baridi ya nyanda za juu hudanganya. Kidole kilichopimwa Uyole asubuhi ya Julai ni chembamba kuliko kidole hichohicho kikiwa kwenye joto la Kyela saa nane mchana. Pima jioni, mwili ukiwa na joto la kawaida, na urudie siku nyingine. Kata karatasi yenye upana wa milimita 5, izungushe kwenye shina la kidole, tia alama inapokutana, kisha pima urefu kwa rula. Ukipata milimita 54, gawanya kwa 3.14: kipenyo cha ndani ni 17.2. Zungusha karatasi hiyo pia kwenye fundo la kidole. Likizidi shina kwa kiasi kikubwa, chagua saizi ya katikati. Pete yenye upana wa milimita 6 na kuendelea hubana zaidi, kwa hiyo ongeza kama milimita 1 kwenye mzunguko. Inayokaa vizuri huingia bila kulazimishwa, na wakati wa kutoka hugoma kidogo kwenye fundo. Lowesha mkono kwa sabuni, uuelekeze chini na kuutikisa. Ikiteleza hapo, siku moja itaachwa kwenye beseni la kufulia.

Sasa dukani. Tafuta mhuri ndani ya pete: 750 au 18K, 916 au 22K. Herufi kama GP maana yake imechovywa tu. Mhuri peke yake hautoshi, kwani mtu yeyote mwenye kipande cha chuma na nyundo anaweza kuugonga. Sumaku nayo inasaidia upande mmoja tu: ikivuta, ndani kuna chuma, isipovuta bado inaweza kuwa shaba. Sonara anayejua kazi ataisugua pete kwenye jiwe jeusi, adondoshe tindikali kwenye mstari uliobaki na kutazama kama unafifia. Mwombe afanye hivyo ukiwa umesimama palepale, na asugue sehemu ya ndani, penye mchubuko.

Kuna kipimo ambacho mwenyewe unaweza kukifanya kwa pete isiyo na jiwe wala uwazi, ukiwa na mizani ndogo inayosoma hadi gramu 0.01. Pima pete ikiwa kavu na uandike. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, tia tone la sabuni ili mapovu ya hewa yasigande kwenye pete, kisha rudisha mizani kwenye sifuri. Ning'iniza pete kwa uzi hadi izame yote, isiguse chini wala ubavuni. Namba itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba hiyo. Tuseme pete ni gramu 4.65 na mizani imesoma 0.30: jibu ni 15.5, na hiyo ni karati 18 ya njano, ambayo hukaa kati ya 15 na 16. Karati 22 hukaribia 17.8 na karati 9 huzunguka 11. Mizani ikisoma 0.52, jibu ni kama 8.9, na hapo umeshika shaba iliyochovywa. Kosa la kawaida ni pete kugusa chini ya kikombe. Namba hupanda ghafla na pete halali huonekana feki.

Bei ifuate dhahabu iliyomo. Pete ya gramu 5 ya karati 18 ina gramu 3.75 za dhahabu tupu, ya karati 22 ina 4.58. Ufundi hulipiwa kando, na ni haki yake, ila utajwe kando. "Fundi, niandikie gramu, karati na ufundi kwenye risiti" ni sentensi isiyomuudhi sonara mkweli. Usidanganyike na dhahabu ghafi ya kuuziwa pembeni kwa kuwa machimbo ya Chunya yako karibu. Biashara ya dhahabu ghafi inataka leseni na hufanyika kwenye masoko ya madini. Isitoshe, ile iliyotoka kuchomwa si tupu: huwa na fedha ndani yake, na mara nyingi masalia ya zebaki ambayo wachimbaji huitumia kukamatisha dhahabu.

Zebaki ndiyo adui mkubwa wa pete kuliko wote, na katika mkoa wenye wachimbaji wengi kama Mbeya si jambo la kufikirika. Ikigusa dhahabu haioti juu kama kutu, inazama ndani. Utaona doa jeupe kama la bati, linalotambaa taratibu, na sugua usugue halitoki. Sehemu hiyo hugeuka kuwa dhaifu na inaweza kukatika. Anayekamatisha dhahabu kwa zebaki, au anayefua nguo za mtu wa kazi hiyo, aiache pete nyumbani. Ikishapata doa, ivue, itie kwenye kopo lenye mfuniko na umwambie sonara wazi ni nini. Usiichome kwenye jiko la mkaa: mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu, na unaharibu ubongo na figo za kila aliyemo ndani ya nyumba. Baadhi ya krimu za kujichubua nazo zina zebaki, hivyo anayejipaka mkorogo anaumiza ngozi na pete kwa pamoja.

Baada ya zebaki ni jiki. Klorini iliyomo haili dhahabu yenyewe, inakula vile vilivyochanganywa nayo, hasa kwenye maungio yaliyolehemewa na kwenye kucha za jiwe. Pete huonekana nzima, halafu siku moja inafunguka kwenye kiungio. Ivue kabla ya kuloweka nguo nyeupe au kusafisha choo. Fundi wa magari au umeme aivue kazini bila kujadiliana: dhahabu hupitisha umeme, na pete ikigusa betri na bodi kwa pamoja hupata moto mkali na kuunguza kidole. Kuruka kutoka kwenye lori huku pete imenasa kwenye ndoano kumeshawanyofoa watu vidole.

Kusafisha ni kazi ya dakika ishirini, mara moja kwa wiki mbili. Tumia bakuli, si sinki lenye tundu. Maji ya uvuguvugu, matone mawili ya sabuni ya maji ya vyombo, loweka dakika 15, kisha piga kwa mswaki laini wa mtoto, hasa upande wa ndani na chini ya jiwe ambako unga na losheni hugandamana. Suuza kwenye bakuli la pili, kausha kwa kitambaa cha pamba. Utomvu wa ndizi, ambao mtu wa Tukuyu anaufahamu, hausikii sabuni. Upake mafuta ya kula kwanza, uache kidogo, ndipo uoshe. Dawa ya meno, majivu na mchanga vinang'arisha kwa kuikwangua dhahabu, na zaidi ukiwa na karati 22. Zumaridi usiiloweke kwenye maji ya moto wala isitiwe kwenye mashine ya sonara inayosafisha kwa mtikisiko.

Usiku itunze peke yake kwenye kitambaa. Pete mbili zinazovaliwa kidole kimoja husagana, na laini ndiyo inayolika, kwa hiyo ya uchumba na ya ndoa ziwe karati moja. Msimu wa masweta una faida yake: kucha ya jiwe ikianza kunasa nyuzi, imeinuka, na ipelekwe kwa sonara wiki hiyohiyo. Gonga pete taratibu karibu na sikio. Ukisikia jiwe linacheza, usiivae tena hadi ikazwe. Ukitaka kuongeza saizi, mwambie aikate na kuunga kipande cha karati ileile mbali na mhuri. Kuivuta kwa kuigonga ni rahisi zaidi kwake, lakini unene unapungua. Pima uzito kabla ya kuiacha na baada ya kuichukua.

Ikinasa kidoleni, usivute kwa hasira, kidole kitazidi kuvimba. Inua mkono juu ya kichwa dakika tano, uutie maji baridi, paka sabuni ujaribu kwa kuzungusha. Ikigoma, chukua uzi laini wa kushonea wenye urefu wa nusu mita, pitisha ncha moja chini ya pete kuelekea kiganjani, na sehemu ndefu uizungushe kidoleni kwa kubana, mzunguko ukigusana na mzunguko, kuanzia kwenye pete hadi kupita fundo. Kisha shika ile ncha ya kiganjani na uanze kuufungua kuelekea kwenye ukucha. Pete itausindikiza uzi hatua kwa hatua. Kidole kikigeuka buluu au kufa ganzi, acha yote hayo uende hospitali wakaikate. Dhahabu hukatika kwa urahisi, na iliyokatwa mahali pamoja sonara huilehemu tena.