Kombi na zimwi kwenye soksi: somo la kuchapa nyumbani

Tangu niweke picha ya zile soksi za kombi ya kijani yenye meno, kila siku naulizwa nazifuma wapi. Sizifumi, jamani. Nanunua soksi nyeupe tupu, naichapa picha kwa joto. Leo nawapa somo lote.

Kwanza muelewe kisa cha wino. Wino wa sablimesheni ukipashwa moto haupiti kwenye umajimaji, unakuwa mvuke moja kwa moja na kuingia ndani ya uzi wa poliesta. Uzi ukipoa unaufungia humo humo. Pamba haina uwezo huo, kwa hiyo kazi inaanzia dukani.

1. Soksi

Mwaka jana muuzaji aliniapia kuwa soksi zake ni poliesta tupu. Nikachapa pea kumi na mbili, zikapendeza, nikafua moja kwa majaribio. Zimwi likabaki kivuli. Siku hizi nachomoa kauzi kutoka ndani ya soksi, nakawasha kiberiti. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi iliyoungua, na majivu yake ni laini. Fanyeni hivyo kabla ya kulipia mzigo mzima, hata kama muuzaji atawanunia.

Chukua nyeupe zenye kisigino na ncha nyeusi. Hazionyeshi uchafu.

2. Mchoro

Hapa ndipo penye raha. Kombi ya kwanza ya Volkswagen, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1950, ina kioo cha mbele kilichogawanyika vipande viwili, na chini yake bati limekunjwa kwa umbo la V hadi karibu na bampa. Itazame vizuri: ni uso tayari. Taa mbili za duara zipe mishipa na mboni, bampa iwe taya, ongeza meno sita, basi. Ukichora zaidi ya hapo unaharibu. Toleo lililofuata, la 1967, lina kioo kimoja kipana na sura ya upole. Zimwi lake linaonekana kama linaomba lifti.

Ile alama ya kampuni puani msiiweke, ni mali ya watu. Kwenye duara lake mimi naweka jicho la tatu. Hali kadhalika yule panya Rat Fink wa Ed Roth, Mmarekani aliyechora madubwana ndani ya magari huko California miaka ya 1960. Jifunzeni mtindo wake: macho yaliyotoka, ulimi nje, gari dogo kuliko dereva, moshi kila mahali. Zimwi lenyewe litoke kichwani mwako.

Kumbuka unachorea mguu. Sehemu ya katikati inakunjika kwenye kifundo, kwa hiyo weka pale moshi au barabara, kitu kisichoharibika kikikunjwa. Uso uende juu. Na kwa kuwa shavu la mguu ni nene kuliko kibao cha kadibodi utakachotumia, macho yachore kama yai lililosimama. Yakivaliwa yanakuwa duara.

Pea moja ina karatasi nne, mbili kila soksi. Kombi zote zielekee vidoleni. Za kwanza nilisahau kugeuza mchoro wa mguu wa pili: moja inakwenda, nyingine inapiga rivasi.

3. Karatasi

Chapa picha ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo. Itatoka imefifia kama nguo iliyosahaulika juani; usishtuke, rangi huamka kwenye moto. Wino mweupe haupo, kwa hiyo meno yaache tupu, weupe utatoka kwenye soksi yenyewe.

4. Kibao

Kata kadibodi ngumu, ivishe soksi, vuta mpaka matundu ya ufumaji yafunguke kidogo. Usipovuta, mtu akivaa mistari myeupe inajitokeza kila pahali. Pitisha tepu juu yake kuondoa vumbi, maana kinyuzi kimoja cha kanga kinaacha doa la milele.

5. Moto

Pasha soksi tupu kwenye mashine ya joto, ile inayokandamiza kama pasi kubwa, sekunde chache itoe unyevu. Funga karatasi kwa tepu ya kuhimili joto, funika juu na chini kwa karatasi safi, nyuzi 195, sekunde kama 55, mkandamizo mwepesi. Fungua madirisha. Bandua karatasi kwa mkupuo mmoja. Ikiteleza, zimwi linapata pacha. Kisha upande wa pili.

Maswali ya wanachama

*Dada, mashine ya joto sina. Pasi haifai?*

Nilijaribu, mdogo wangu. Jicho likatoka safi, taya likafifia, kwa sababu joto la pasi halilingani kila mahali, na yale matundu ya mvuke yanaacha madoa. Kwa kakichwa kadogo kifundoni unaweza kubahatisha.

*Miguu yangu inatoka jasho, nataka pamba.*

Basi picha inabidi ifumwe kiwandani. Mashine zake ni za duara, nyingi zina sindano 168 au 200, na kila kitanzi ni nukta moja ya mchoro. Upande mmoja wa soksi unapata nukta kama 84 au 100, kwa hiyo mishipa ya macho isahau. Ndani kunabaki nyuzi legelege, vidole vinanasa. Viwanda pia havipokei pea tano. Ulizia zile zenye pamba ndani na poliesta nje, hizo zinachapika.

*Shikamoo dada. Kombi naziona kwenye picha tu, mimi nimekulia kwenye daladala za vipanya. Naweza kuchora Hiace?*

Marahaba. Chora! Hiace nayo ni ya tangu 1967, ina uzee wa kutosha. Ila kipanya hakitishi kwa uso, kinatisha mlangoni. Zimwi liwe konda: mguu mmoja ndani, mwili wote nje, noti kati ya vidole vyenye kucha.

*Nataka niandike "Zimwi likujualo halikuli likakwisha". Itaenea?*

Mguu mmoja hautoshi, gawanya. "Zimwi likujualo" kushoto, "halikuli likakwisha" kulia, herufi nene, na uhakikishe umegeuza kabla ya kuchapa. Mimi nilitengeneza hivyo hivyo mwezi uliopita. Ya kulia imeshapotea kwenye kamba ya kuanikia.