Jinsi ya Kusoma Mchoro wa Supakondakta Iliyopigwa kwa Mwanga wa Leza

Mwanafunzi wa fizikia wa Mbeya au Iringa anayepata takwimu za jaribio la aina hii aanze na hesabu ya nishati kabla hajautazama mchoro. Katika niobi, supakondakta, yaani metali inayopoteza ukinzani wote wa umeme ikipozwa chini ya kelvini 9.3, elektroni huungana mbili mbili, na kuivunja jozi moja kunahitaji takriban milielektronivolti 3, yaani elektronivolti 0.003 (elektronivolti ni kipimo cha nishati). Fotoni, yaani chembe ya mwanga, ya leza yenye urefu wa wimbi wa nanomita 800 hubeba elektronivolti 1.55, karibu mara 500 ya kiasi hicho. Kwa hiyo uvunjaji hauishii kwenye jozi moja: elektroni iliyopigwa huzigonga nyingine na kuzitikisa atomi, na mitikisiko hiyo, iitwayo fononi, huendelea kuvunja jozi zaidi.

Kisha elewa mhimili wa muda. Mpigo mkuu wa leza huvunja jozi, na mpigo dhaifu unaoufuata huchungulia kilichotokea, huku ucheleweshaji wake ukipangwa kwa kusogeza kioo. Mwanga, ambao ungeimaliza barabara ya Iringa hadi Mbeya ya takriban kilomita 330 kwa zaidi kidogo ya milisekunde moja, husafiri milimita 0.3 tu ndani ya pikosekunde moja, sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Na kwa kuwa huenda kwenye kioo na kurudi, kukisogeza milimita 0.15 kunatosha kuuchelewesha mpigo kwa pikosekunde moja.

Mporomoko wa mwanzo kwenye mchoro, jozi zinapovunjika, huvutia macho, lakini kwa maoni yangu sehemu yenye elimu zaidi ni ile ya kurejea, jozi zinapojiunda tena. Elektroni mbili zinapoungana upya hutoa fononi yenye nishati ya kutosha kuvunja jozi nyingine, jambo ambalo wanafizikia Rothwarf na Taylor walilieleza mwaka 1967, hivyo kasi ya kurejea hutegemea sana jinsi fononi hizo zinavyotoka katika sampuli.

Usiuamini mchoro bila kukagua vipimo vya kabla ya muda sifuri, yaani kabla ya mpigo mkuu kufika: vikitofautiana na vya sampuli isiyopigwa, mipigo inafuatana bila kuipa nafasi ya kupoa. Linganisha pia na kipimo kilichochukuliwa juu kidogo ya kelvini 9.3 kwa nguvu ileile ya leza, kwa maana badiliko linaloonekana pale halitokani na jozi.

Hatimaye panga michoro kwa nishati ya mpigo. Nishati ikiwa ndogo, badiliko hukua kwa uwiano nayo. Likiacha kukua, hiyo ni dalili kwamba jozi za eneo lililomulikwa zimekwisha, na nishati ya mahali hapo pa kupinda ndiyo ya kuandika katika jedwali lako.