Somo: Kukata tumbo kwa urembo ukiwa na kisukari na presha

Kukata ngozi na mafuta ya tumbo si dharura, tarehe inasogezeka. Daktari wa usingizi (anayekulaza kwa dawa wakati wa upasuaji) akuone wiki kadhaa kabla, si asubuhi ya siku yenyewe.

1. Pima HbA1c, wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu. Ikizidi 8.5%, ahirisha. Hapa wengi hubishana na daktari, na hapa ndipo penye kazi: ngozi huinuliwa kutoka kwenye misuli, huvutwa chini, hushonwa. Katikati ya mshono, juu ya kinena, damu hufika kwa shida. Sukari ikiwa juu, pale ngozi hugeuka nyeusi, mshono hufumuka, usaha hutunga. Sigara huleta balaa lile lile. Iache wiki 4 kabla na 4 baada, na shisha pia.

2. Presha ya kliniki iwe chini ya 160/100.

3. Andika dawa zote, hata za miti shamba. Utaratibu wa kawaida, ambao daktari wako atauthibitisha:
- Dapagliflozin na empagliflozin (vidonge vya kisukari): siku 3 kabla, acha. Huweza kujaza asidi kwenye damu huku glukometa, mashine ya kupima sukari, ikisoma vizuri, ndiyo maana hustukiwa kwa kuchelewa.
- Losartan, enalapril (dawa za presha): ruka saa 24 kabla, presha isiporomoke usingizini.
- Amlodipine, bisoprolol (nazo za presha): meza kwa funda la maji.

4. Chakula mwisho masaa 6 kabla ya upasuaji, maji matupu masaa 2 kabla. Chai ya maziwa ni chakula.

5. Baada ya upasuaji tembea mapema, umeinama kidogo mshono usivutike. Mguu mmoja ukivimba au pumzi ikikata ghafla, damu huenda imeganda: kimbilia hospitali.

Maswali ya wanachama

Nachoma insulini ya usiku. Niiache?
Usiiache. Ile ya kudumu siku nzima hupunguzwa tu, mara nyingi ikabaki 80% ya dozi. Ya haraka haichomwi kama huli.

Sindano ya semaglutide ya kila wiki inahusika?
Sana. Dawa hii ya kisukari na ya kupunguza uzito hufanya chakula kikawie tumboni hata ukiwa umefunga, na ukitapika usingizini kinaingia mapafuni. Mtajie daktari wa usingizi tarehe ya sindano ya mwisho.

Nina keloidi (makovu yaliyovimba) za masikio. Nitakataliwa?
Si lazima, ila mwonyeshe daktari hizo za masikio kabla ya kulipa. Mshono huu huenda nyonga hadi nyonga. Keloidi ikiota hapo, itaota ndefu.